Kuakifisha kwa Sikio: Mwongozo wa Alama za Uandishi katika Hadithi na Mashairi

Soma maneno haya matatu: mwambie baba amekuja. Nani amekuja? Ukiweka mkato baada ya «mwambie», aliyefika ni baba na kuna mtu anatakiwa apashwe habari. Ukiuhamishia baada ya «baba», basi baba ndiye anayepashwa habari, na aliyefika ni mtu mwingine kabisa. «Mwambie baba! Amekuja!» ni mtoto anayepiga kelele mlangoni. «Mwambie baba… amekuja» ni habari ya mtu ambaye hakutarajiwa, na pengine hakutakiwa.

Mdomo humaliza utata huo bila jasho. Tunapandisha sauti, tunatua, tunalivuta neno, tunamkatiza mwenzetu. Kwenye karatasi kazi yote hiyo inabebwa na alama zisizozidi kumi na mbili, ambazo shuleni tulizisoma kama kitu cha kupatia alama za mtihani na basi. Kanuni zile ni za lazima na hapa sizipingi. Ila mwandishi wa hadithi anazihitaji kwa jambo jingine: msomaji asikie sauti ya mtu ambaye hayupo.

Kiswahili chenyewe kinaongeza uzito wa alama hizi kwa sababu mbili. Kwanza, swali la ndiyo au hapana halibadilishi mpangilio wa maneno. «Umekula» na «umekula?» ni neno lilelile, tofauti ni kiimbo tu, na kiimbo kwenye maandishi ni kiulizi. Pili, kitenzi kimoja kinaweza kuwa sentensi kamili. «Nimekusamehe» ina mtenda, wakati, mtendwa na tendo. Kwa hiyo nukta inaweza kukaa baada ya neno moja tu na sarufi isilalamike hata kidogo. Hiyo ni nguvu kubwa, na waandishi wengi wanaikalia bila kuitumia.

Mwongozo huu unamfaa aliye na rasimu mkononi. Kama huna, kaandike ukurasa mmoja kwanza, kisha urudi.

Hatua ya 1: Vua alama zote

Nakili rasimu yako kwenye faili jingine. Chagua aya moja yenye tukio, si aya ya maelezo ya mandhari. Futa kila alama na kila herufi kubwa. Utabaki na kitu kama hiki:

*salma aliingia jikoni akawasha taa akaona kikombe mezani kikombe hakikuwa chake alikigusa kilikuwa bado cha moto nani yuko humu ndani aliuliza hakuna aliyejibu*

Sasa isome kwa sauti huku simu inarekodi. Usisome kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Soma kama unamsimulia mtu aliyekaa mbele yako. Kisha sikiliza rekodi ukiwa na kalamu. Palipo na pumzi fupi weka mkwaju (/) mmoja, palipo na kituo weka miwili, palipopanda chora mshale. Usiwaze kanuni bado. Unachotafuta ni ramani ya sauti yako mwenyewe, na mara nyingi itakushangaza: utakuta umetua mahali ambapo kwenye rasimu hukuweka chochote, na umepita mbio juu ya mkato uliouweka kwa mazoea.

Hatua ya 2: Amua nukta kabla ya kitu kingine

Nukta ndiyo inayogawa hewa ya aya. Ukiiweka vizuri, nusu ya kazi imekwisha. Tazama aya ya Salma ikiwa imepangwa kwa namna mbili.

Ya kwanza:

*Salma aliingia jikoni, akawasha taa, akaona kikombe mezani. Kikombe hakikuwa chake. Alikigusa. Kilikuwa bado cha moto. “Nani yuko humu ndani?” aliuliza. Hakuna aliyejibu.*

Ya pili:

*Salma aliingia jikoni. Akawasha taa. Akaona kikombe mezani. Kikombe hakikuwa chake. Alikigusa, kilikuwa bado cha moto. “Nani yuko humu ndani,” aliuliza. Hakuna aliyejibu.*

Maneno hayajaongezwa wala kupunguzwa. Lakini Salma wa kwanza ni mtu anayerudi nyumbani kama siku zote: anaingia, anawasha, anaona, kwa mwendo mmoja usio na mashaka. Kinachomsimamisha ni kikombe, na kuanzia hapo sentensi zinafupika. Salma wa pili alikuwa na hofu tangu mlangoni. Kila hatua yake inapimwa. Alipofika kwenye kikombe, hofu imeshageuka kuwa haraka, ndiyo maana sentensi inakimbia. Na swali lake halina kiulizi, kwa hiyo tunahisi kwamba anamjua aliye ndani.

Uamuzi upi ni bora? Inategemea unachotaka kisikike kikivunjika, na mahali pa kuvunjikia. Chagua pahali pamoja katika aya, palinde kwa nukta fupifupi, kwingine uache sentensi zitiririke. Aya yenye sentensi za neno moja kuanzia mwanzo hadi mwisho haitishi, inachosha tu. Hadithi nyingi za kutisha zinazosambazwa kwenye simu zina ugonjwa huu: kila tendo lina nukta yake, basi hakuna tendo lililo kubwa kuliko jingine.

Hatua ya 3: Mkato, na hasa mkato mbele ya -ka-

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu vitabu vingi vya uakifishaji vinapita haraka.

Kiambishi -ka- cha masimulizi hakisimami peke yake. «Akawasha» inaegemea tendo lililotangulia. Bila «aliingia» msikilizaji anauliza, baada ya nini? Sarufi tayari imefunga kamba kati ya matendo. Alama unayoweka kati yao inaamua kamba hiyo ivutwe kwa kasi gani, na una kasi tatu.

Bila alama yoyote, matendo yanagongana: *Akaruka ukuta akavuka mtaro akaingia kichochoroni akajibanza.* Huyu anafukuzwa. Msomaji hapewi nafasi ya kupumua kwa sababu mkimbiaji naye hana.

Kwa mkato, ni usimulizi wa kawaida: *Akafungua sanduku, akatoa shuka, akaikung’uta, akatandika.* Mambo yanafuatana kwa utaratibu wake, na hakuna linalotaka kutazamwa zaidi ya mwenzake.

Kwa nukta, kamba inakatwa lakini sarufi bado inaivuta: *Akakaa. Akavua kofia. Akaiweka magotini.* Kila «aka-» inaanza na deni la sentensi iliyopita. Mvutano huo ndio unaoleta uzito wa msibani, au wa mtu aliyetoka kupokea majibu hospitali. Itumie hapo, uache kuitumia mtu anapochota maji.

Unaweza pia kubadili kasi katikati ya mfuatano mmoja: *Akaruka ukuta akavuka mtaro akaingia kichochoroni. Akajibanza.* Hapo msomaji anasimama ghafla pamoja na mhusika, na anasubiri.

Mkato una kazi nyingine ambayo ni ya maana kuliko mwendo. Linganisha *Abiria waliokaa nyuma walinusurika* na *Abiria, waliokaa nyuma, walinusurika*. Katika ya kwanza kuna waliokaa mbele, na habari yao hatujaisikia. Katika ya pili abiria wote walikaa nyuma na wote wazima. Mikato miwili imeokoa roho za watu, kwa hiyo usiitie kwa kupendezesha.

Jaribu pia maneno yenye sura mbili kama «tena». *Sikutaki tena. Usije* imesemwa na mtu aliyewahi kupenda. *Sikutaki. Tena usije* imesemwa na mtu ambaye penzi halimo hata kwenye kumbukumbu. Ukiwa unaandika ugomvi wa wapenzi, pitia kila «tena», «basi», «hata» na «kumbe» uone alama iliyo jirani yake inasema unachotaka wewe.

Hatua ya 4: Kiulizi, kuwepo na kutokuwepo

Kwa kuwa mpangilio wa maneno haubadiliki, msomaji wa Kiswahili anaweza kusoma sentensi ndefu nzima akidhani ni taarifa, kisha akakutana na kiulizi mwishoni na kulazimika kurudi. *Mzee aliyetuuzia kiwanja kile cha karibu na mto mwaka juzi amefariki?* Ukitaka kumwondolea usumbufu, anza na «Je,» au fupisha. Lakini kuna wakati usumbufu huo ndio unaoutafuta. Mhusika anaongea kama anayetoa habari, na mwishoni sauti inampanda kwa kuwa ameshindwa kuamini. Hapo iache «Je» ikae nje.

Kuondoa kiulizi kwenye swali ni mbinu kali zaidi. “Umetoka wapi?” ni baba anayetaka kujua. “Umetoka wapi.” ni baba anayejua tayari. Vivyo hivyo “Nani kakutuma.” na “Unataka nini.” Sauti haipandi, inashuka, na anayeulizwa anaelewa kwamba jibu lolote litakuwa baya. Mara moja katika hadithi nzima inatosha, mara mbili ikizidi sana. Ikiwa kila mhusika anauliza bila kiulizi, msomaji atadhani umesahau.

Viulizi viwili au vitatu kwa mpigo, au kiulizi kilichobanana na mshangao, viachie ujumbe wa simu. Katika hadithi ya watoto wadogo navivumilia. Kwingine, kama swali halina hasira ndani ya maneno yake, kulundika alama hakutaleta hasira.

Hatua ya 5: Mshangao kwa mkono wa birika

Kiswahili kina viingizi vinavyoshangaa vyenyewe: lo, ala, ebo, aka, masalale, kumbe. Neno likishashangaa, alama iliyo baada yake haina kazi ya kuleta mshangao. Inaelekeza sauti iende wapi.

*Ala! Kumbe ni wewe.* Sauti imeruka, kisha imetulia. Alishtuka, akamtambua.

*Ala, kumbe ni wewe!* Sauti inapanda hadi mwisho. Amefurahi.

*Ala. Kumbe ni wewe.* Huyu hakufurahi, na mgeni atakuwa amejua.

Mtihani mzuri ni neno moja linalosemwa mlangoni kila siku. “Hodi!” ni jirani aliyekuja kuomba chumvi. “Hodi?” ni mtu asiye na uhakika kama nyumba ina watu. “Hodi.” ni mwenye nyumba aliyefuata kodi yake. “Hodi… hodi…” ni usiku, na huyo anayebisha ama ni mgonjwa ama ana habari nzito. Ukiweza kumtambulisha mhusika kwa namna anavyobisha hodi, umeokoa aya nzima ya maelezo.

Tanakali za sauti nazo zimezoeleka kufuatwa na mshangao: *akaanguka pu!* Hakuna ubaya. Lakini jaribu *Akaanguka. Pu.* na uone kichekesho kilivyoingia kwa kuwa sauti ya kishindo imechelewa kufika. Kuhusu tanakali za hali, kama kimya ji, giza totoro, kulala fofofo, ondoa mshangao bila huruma. Anayeandika *Nyumba ilikuwa kimya ji!* amepiga kelele kutuarifu kwamba hapakuwa na kelele.

Kuna njia moja ya kupaza sauti isiyohitaji alama yoyote, nayo ni kurefusha irabu: *kuleee*, *zamaaani*, *mkubwaaa*. Masikio yetu yanaijua sana, kwa sababu ndivyo tunavyoonyesha umbali na ukubwa tukiongea. Iweke kwenye vinywa vya wahusika. Msimulizi akianza kuvuta irabu, hadithi inageuka porojo, labda kama ndicho unachokusudia.

Hatua ya 6: Mazungumzo

Anza na uamuzi wa kiufundi: alama za kunukuu za jozi moja au mbili? Vitabu vinatofautiana. Mimi nashauri mbili, kwa sababu ya ng’. Ukitumia jozi moja, mzee wa mifugo akisema ‘Ng’ombe wangu wang’oe nini?’ jicho haliwezi kujua ni ritifaa (kile kialama cha juu cha ng’) ipi na ni mwisho wa kauli upi. Kwa jozi mbili, “Ng’ombe wangu wang’oe nini?” inasomeka bila kukwama.

Mengine ya msingi nitayataja upesi. Kila msemaji aya yake. Mkato unakaa kabla ya kufunga kauli: “Nakuja,” alisema. Kiulizi na mshangao vinachukua nafasi ya mkato huo, na kitenzi kinachofuata kinaanza kwa herufi ndogo: “Unakuja?” aliuliza. Katika tamthilia, jina la mhusika linafuatwa na nukta pacha (:) na maelezo ya jukwaani yanaingia kwenye mabano. Alama za kunukuu hazihitajiki.

Baada ya hapo ndipo uhai unaanza. Kistari kirefu na nukta za dukuduku vinachanganywa sana, na kila mara vinapochanganywa mhusika anaharibika. Tazama:

“Mama, mimi na Juma tuna—”

“Nimeshasikia.”

Halafu hii:

“Mama, mimi na Juma tuna…”

“Nimeshasikia.”

Kistari kirefu ni katizo: mama amemkata binti kauli, hataki kuisikia. Nukta za dukuduku ni kauli iliyokufa yenyewe: binti ameshindwa kumalizia, na mama anaweza kuwa anamsaidia ili asilazimike kulitamka. «Nimeshasikia» ni ileile, lakini mama si yuleyule. Kabla ya kuweka moja kati ya hizi, jiulize ni nani aliyesimamisha maneno.

Nukta za dukuduku zina matumizi mengine ambayo sisi tumezaliwa nayo. Wazee hawamalizii methali. Wanaachia nusu, na mwenzao anamalizia.

“Mjukuu wangu, asiyesikia la mkuu…”

“Najua, bibi.”

“Unajua. Haya.”

Msomaji amemaliza methali kichwani mwake, kwa hiyo ameingia kwenye chumba kile na kukaa upande wa bibi. Ukija kuimalizia wewe katika mstari unaofuata, umemtoa nje. Wala usiieleze maana yake.

Mkato kabla ya jina la kuitia au la undugu ni kanuni: “Shikamoo, mjomba.” Lakini mtoto anayekimbilia mpira hapumui hapo. “Shikamoo mjomba shikamoo shangazi narudi sasa hivi!” imeonyesha miguu yake ikiwa tayari nje. Kanuni imevunjwa mahali ambapo mtu mwenyewe angeivunja.

Siku hizi kuna mtindo wa kuandika jibu la kimya kama nukta tatu peke yake kwenye mstari, zimefungwa kwa alama za kunukuu. Kwenye katuni na kwenye ujumbe wa simu inaeleweka. Katika hadithi napendelea kuona mkono ulichofanya wakati mdomo umenyamaza: aliikunja risiti mara nne, aligeuza chapati ambayo ilishaiva. Lakini ni mapendeleo tu. Ukiandika hadithi nzima kwa ujumbe wa simu, kimya hicho ndicho chenyewe.

Hatua ya 7: Alama zinazoogopwa

Nukta mkato inashika mizani kati ya pande mbili zenye uzito sawa. *Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.* Ukiweka nukta hapo, upande wa pili unakuwa amri mpya. Ukiweka mkato, unapita kirahisi mno. Msimulizi mzee, mpole, anayependa kupima mambo, anaweza kuwa na nukta mkato nyingi. Kijana wa kijiweni asiwe nayo hata moja.

Nukta pacha ni pazia linalofunguliwa. *Alirudi na kitu kimoja: kiatu cha mtoto.* Kilicho upande wa kulia lazima kistahili kusubiriwa.

Kuhusu maneno ya pembeni, una njia tatu. *Bwana harusi (ambaye mahari bado hajamaliza) alitabasamu.* Mabano yananong’ona, ni umbea wa jikoni. *Bwana harusi, ambaye mahari bado hajamaliza, alitabasamu.* Mikato inatoa habari tu. *Bwana harusi — ambaye mahari bado hajamaliza — alitabasamu.* Vistari virefu vimeisimamisha shughuli ili kila mtu asikie. Msimulizi wako ni yupi kati ya hao watatu? Akishakuwa mmoja, asibadilike bila sababu.

Hatua ya 8: Shairi

Katika shairi la arudhi, yaani la kanuni za jadi, mizani (hesabu ya silabi), vina na vipande vimeshafanya sehemu kubwa ya uakifishaji. Mkato wa katikati unatenga ukwapi (kipande cha kwanza) na utao (cha pili), mwingine unafunga mshororo (mstari mzima), na nukta inakuja mwisho wa ubeti. Huu hapa ubeti wa tarbia (wa mishororo minne) nilioutunga kwa ajili ya somo hili, mizani nane kwa nane:

*Barua imenifika, nimeisoma jioni,*
*Machozi yakanitoka, nikaificha kwapani,*
*Wenzangu wakanicheka, wakadhani ni utani,*
*Sina wa kumkumbuka, ila uliye moyoni.*

Umeakifishwa kwa mazoea, na hauna kosa. Sasa ondoa mkato ulio baada ya «jioni», uweke nukta kabla yake:

*Barua imenifika, nimeisoma. Jioni*
*Machozi yakanitoka, nikaificha kwapani…*

Kina cha -ni kipo palepale na mizani haijapungua. Lakini «jioni» imehama. Mwanzo alisoma jioni na kulia papo hapo. Sasa amesoma, pengine asubuhi, akashinda nayo kutwa, na machozi yamengoja jua lizame. Mshororo umekuwa mshata: maana yake imevuka na kuingia mstari wa pili, huku sikio linalosikia kina likidhani imekwisha. Mwandishi wa arudhi anayelalamika kwamba kanuni zinambana hajajaribu kuitembeza nukta ndani ya kipande.

Fanya zoezi hilo na ubeti wako. Chukua neno la mwisho la utao, uone kama linaweza kuwa mwanzo wa fikra inayofuata bila kugusa silabi. Maneno ya wakati na mahali, kama jioni, nyumbani, safarini, ndiyo rahisi kuhamishika.

Katika shairi huru hali ni kinyume. Hakuna mizani inayokuashiria pa kutua, kwa hiyo kukatwa kwa mstari ndiyo alama ya kwanza, na nukta na mkato vinafuata. Amua mapema: ama mwisho wa mstari unatosha kuwa pumzi na mikato ya mwishoni inaondoka, ama mikato inabaki na mwisho wa mstari unafanya kazi nyingine. Kuchanganya bila mpango kunamfanya msomaji asijue atue wapi.

Hatua ya 9: Kuacha alama kabisa

Tenzi za karne ya 18 na 19 ziliandikwa kwa hati za Kiarabu bila mikato na viulizi tunavyovitumia leo, na watu walizighani bila kupotea. Ziliwezekana kwa sababu kulikuwa na kitu kingine kilichoshika nafasi: kwa kawaida mizani nane kwa kipande, vipande vinne kwa ubeti, na kina cha bahari (kina kimoja cha utenzi wote) kikirudi mwisho wa kila ubeti kama kengele. Hilo ndilo sharti la kuacha alama hata katika hadithi ya leo. Kitu kingine lazima kishike usukani.

Kwa mfano, fikra za mama mwenye homa: *na yule mtoto yuko wapi na maji yako wapi na nani kafunga mlango na mbona joto na yule mtoto yuko wapi.* Neno «na» linalorudi ndilo linalogawa, na swali la kwanza linaporudi mwishoni msomaji anajua mzunguko umekamilika. Bila marudio hayo, ingekuwa ni aya iliyosahaulika kuhaririwa. Usizidishe nusu ukurasa, isipokuwa kitabu chote kimejengwa hivyo.

Hatua ya 10: Kuchana rasimu

Tumia kitafutio cha programu unayoandikia. Tafuta «!» peke yake, uangalie kila inapotokea, na ufute kila ambayo sentensi yake haibadiliki ikiondoka. Rudia kwa nukta za dukuduku. Hizi ndizo zinazozaliana zaidi, na zinatakiwa ziwe tatu, si mbili wala sita. Kisha soma mazungumzo ya mhusika mmoja mmoja, kuanzia mwanzo wa hadithi hadi mwisho, ukiruka mengine yote. Utagundua kama mzee na mjukuu wanapumua sawasawa. Wakipumua sawa, bado hujawatenganisha.

Kistari kirefu kwenye simu hupatikana kwa kukibonyeza kifupi bila kuachia, kisha kuchagua kirefu. Kwenye Word, andika vistari viwili kati ya maneno mawili bila kuacha nafasi, uendelee kuandika, vitaungana vyenyewe. Chunga programu isikubadilishie ritifaa ya ng’ kwa alama iliyogeukia upande mwingine.

Ukiwa umevunja kanuni kwa makusudi, mwambie mhariri mapema, juu kabisa ya rasimu, kwa sentensi moja au mbili: «Sura ya tatu haina alama za kunukuu, na swali la baba katika sura ya tano halina kiulizi. Ni kwa makusudi.» Usipofanya hivyo atakusahihishia kwa nia njema, na atakuwa ametimiza wajibu wake. Na kitabu kikishapangwa kurasa, omba uone prufu, yaani nakala ya kukagua, kabla hakijachapwa. Vistari virefu hupenda kugeuka vifupi vikihamishwa kutoka faili moja kwenda jingine, na mishororo mirefu ya mashairi hukatwa pasipotakiwa ukurasa ukiwa mwembamba.